Sacha apige au akimbie?

*Jamaa wa Bibi Mwanaisha · Jumamosi, 27 Septemba 2025*

Zawadi: Afrika Kusini 67-30 Argentina, raga ndiyo hii!!! Sacha peke yake pointi 37 🔥🔥 Hakuna Springbok (mchezaji wa timu yetu ya taifa) aliyewahi kufunga nyingi hivyo kwenye mechi moja

Baraka: Na trai tatu juu, mara tatu kaweka mpira nyuma ya mstari wao, na ni namba 10, mpanga mashambulizi! Mjomba Hamisi, bado unasema wapige mateke?

Mjomba Hamisi: Bado nasema. Mapumziko ilikuwa ngapi?

Zawadi: 25-23

Mjomba Hamisi: Basi usiangalie hiyo 67 tu. Dakika 40 nzima Argentina walikuwa nao bega kwa bega, tena Durban.

Zawadi: Lakini mjomba, mimi nimechoshwa na raga ya mipira kupaa angani. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2019 na Wales, 19-16, nilipata usingizi. Fainali ya 2023 sisi hatukufunga trai hata moja, penalti nne za mpigaji wetu Pollard basi.

Mjomba Hamisi: Na kombe likaenda wapi?

Zawadi: 😩😩

Mjomba Hamisi: Kumbukeni Ellis Park mwezi jana. Tuliwaongoza Wallabies (Australia) 22-0 mapema, humu ndani vigelegele. Vijana wetu wakaanza kurusha pasi ndefu kana kwamba mechi imeshaisha. Suaalii wa Australia akanasa moja, huyoo hadi kwenye mstari. 38-22! Wallabies hawakuwa wameshinda uwanja ule tangu 1963. Wiki iliyofuata Cape Town, Pollard akarudishwa namba 10, mpira ukapigwa nyuma yao, 30-22.

Baraka: Sikubali kwamba kosa lilikuwa kukimbia. Walikimbilia pembeni kabla wale wanane wa mbele hawajasukuma katikati. Mbona Wellington walikimbia? Walikuwa nyuma 10-7 mapumziko, kipindi cha pili 36-0. All Blacks (New Zealand) hawajawahi kupigwa hivyo tangu waanze kucheza raga.

Mama Zawadi: Watoto, mchango wa harusi ya Saida mwisho kesho. Tumeni kwa shangazi.

Zawadi: Nimetuma mama 🙏

Baraka: Nami natuma usiku huu shangazi

Mjomba Hamisi: Haya Baraka, nisikilize. Tangu Novemba 2024 marefa wamekaza. Zamani mpira ukipigwa juu, wenzake yule anayeusubiri walijipanga mbele yake kama ukuta, anadaka kwa raha zake. Sasa ni penalti. Namba 9 anautoa kwenye rundo, anaupiga juu, unakaa hewani kama sekunde nne, na hizo zinamtosha winga wetu Kolbe kufika. Mimi nimecheza namba 15, yule wa nyuma kabisa, miaka hiyo. Macho yako juu, jua usoni, mtu humwoni, unasikia njumu tu zinakuja. Mpira ukipanguliwa ukarudi kwa waliopiga, nyuma hakuna ulinzi uliopangwa. Hapo ndipo mkimbie sasa, mpaka mchoke.

Zawadi: Kwa hiyo unataka apige ili wakimbie?

Mjomba Hamisi: Ndiyo hayo. Na awe yeye wa kuchagua, si kupangiwa kutoka kwenye benchi.

Baraka: Hilo la mwisho nakuunga mkono. Lakini Jumamosi ijayo London sijui. New Zealand leo asubuhi wamewapiga Australia 33-24, wanatupumulia kisogoni. Tukiteleza Twickenham ubingwa wa Rugby Championship umekwenda.

Mjomba Hamisi: Na hapo Argentina ndio wenyeji, japo ni Uingereza. Msiwadharau kwa sababu ya leo. Mwezi jana waliwapiga All Blacks 29-23 Buenos Aires, halafu wakaenda Sydney wakawapiga Wallabies 28-26.

Zawadi: Mimi nataka Sacha aachiwe. Ana miaka 23, kocha Rassie asimfunge miguu sasa hivi. Kombe la Dunia 2027 kule Australia hatutalichukua kwa penalti tena, na hakuna nchi iliyowahi kulibeba mara tatu mfululizo.

Baraka: Mjomba, dakika ya tano, yuko ndani ya mita 22 zetu, karibu na mstari wetu, anaona upenyo. Apige au akimbie?

Mjomba Hamisi: Mpira ukimfikia haraka, na ana mtu wa kumsaidia kushoto na kulia, akimbie. Vinginevyo aupige mbali, Mallía, namba 15 wao, ageuke akautafute nyuma.

Zawadi: Mimi naona tunashinda kwa 15.

Mjomba Hamisi: Chini ya tano, mwanangu. Na itaamuliwa kwa mguu.