Mafundi wa AC Malindi: feni haizunguki, nyinyi mnanijazia gesi?!

Jamani niacheni nitoe dukuduku. Kuna gereji hapa mjini, jina naliweka kando, ukiwaambia AC haitoi upepo, hata boneti hawajafungua washakwambia gesi imekwisha. Mimi sikusema upepo ni wa moto. Nimesema HAKUNA upepo. Swichi nimeizungusha kuanzia moja hadi nne, kimya, hata mlio. Sasa gesi inaingiaje hapo? Gesi kazi yake ni kupoza upepo. Anayesukuma upepo ni feni, na feni ina mota yake. Mota hiyo hiyo ndiyo inayosukuma joto la hita, ingawa kwa jua hili la Malindi sijui hita nani anaiwasha.

Wakajaza. Elfu nne. Upepo? Wapi! Na gesi ya AC si petroli useme inatumika ikaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kutafuta panapovuja ni wizi wa mchana.

Msinijibu eti fungua madirisha. Masika vioo vinaingia ukungu, feni imekufa, njia ya Gede usiku unaendesha kwa kubahatisha huku unafuta kioo na kitambaa.

Nikaifungua mwenyewe nyumbani. Gari langu ni Toyota Probox, mota iko upande wa abiria, chini ya sanduku la dashibodi. Unachomoa soketi, unalegeza skrubu, inakushukia mkononi. Nikaweka swichi namba nne, nikapima kwenye soketi: volti 12 zipo. Umeme unafika na mota haizunguki, basi ugonjwa ni mota. (Ingekuwa inafanya kazi namba nne peke yake, ningeshuku rezista, kile kifaa kinachopunguza umeme kwa namba za chini.) Kaboni za ndani, zile zinazopitisha umeme kwenye mota, zimelika zote, na majani ya mwarobaini yamejisokota kwenye mapezi ya feni. Hiyo ndiyo "gesi" yao.

Haya, duka la vipuri nalo. Nimeenda na mota ya zamani mkononi wasije wakakosea. "Ni hii hii, mzee, haina shida." Matundu ya skrubu sawa, soketi sawa. Kuifunga, inazunguka kwa kelele zote lakini upepo ni kama pumzi ya mgonjwa. Kumbe inazunguka kinyume! Feni ya aina hii hata ikizunguka kinyume hutoa upepo kidogo, ndiyo maana mtu anaweza kuuziwa asijue. Na msiniambie nigeuze waya, mapezi yake yenyewe yamepinda upande huo mwingine.

Nimerudi dukani naambiwa vitu vya umeme havirudishwi. Havirudishwi kivipi, na nyinyi ndio mliochagua? Kijana wa kaunta hata macho hakuinua kwenye simu yake.

Nani anajua duka, Malindi au hata Kilifi, linalokuwashia mota kwa betri mbele yako kabla hujalipa? Taja mtaa tu, nitafika.