Maombi ya masurufu ya safari bila karatasi: tuanzie wapi?

Afisa Utawala, Dodoma

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali lenye wafanyakazi wapatao arobaini, ambao wengi wao husafiri wilayani karibu kila mwezi. Ombi la masurufu huanza kwa dokezo linaloandikwa kwenye Word na kuchapwa, likasainiwa na msimamizi wa mwombaji, likaenda kwa mhasibu kuhakikiwa posho ya kujikimu na nauli, kisha likamsubiri mkurugenzi, ambaye mara nyingi naye yuko safarini. Likikwama, hakuna ajuaye liko mezani kwa nani mpaka mwombaji apite ofisi hadi ofisi akiuliza. Lililo baya zaidi ni marejesho. Kanuni yetu inadai risiti na ripoti ya safari ndani ya siku 14 tangu mtu arudi, lakini hakuna anayekumbushwa, na kila robo mwaka inapofungwa mhasibu huanza kumpigia simu mmoja mmoja.

Nimesikia kwamba zipo zana zinazomwezesha mtu kujitengenezea mfumo wa namna hii bila kuandika msimbo mwingi. Hatuna mtaalamu wa programu wala bajeti ya kukodi kampuni. Naomba kujua ni zana ipi inatufaa, na kama mtu ambaye hakusomea kompyuta anaweza kuitunza mwenyewe.

Fundi Mifumo

Ndugu Afisa Utawala, kabla ya kuchagua zana, andika njia nzima ya dokezo kwenye karatasi moja: nani hulipokea, hukagua nini, na asipokuwepo nani hushika nafasi yake. Ofisi nyingi huruka hatua hii, na matokeo yake ombi linakwama kwenye kompyuta vilevile lilivyokuwa likikwama mezani. Kama hakuna kaimu anayeruhusiwa kuidhinisha mkurugenzi akiwa safarini, hakuna programu itakayolitatua hilo; ni uamuzi wa uongozi.

Kwa ofisi inayotumia huduma za Google, mwanzo mwepesi ni Google Forms, yaani fomu ya mtandaoni, inayomwaga majibu kwenye jedwali la Google Sheets. Kwenye mipangilio ya fomu, chagua ikusanye anwani za barua pepe zilizothibitishwa, ili mtu asiweze kuomba kwa jina la mwenzake. Kisha kuna Apps Script, zana ya Google ya kuandikia skripti, yaani msimbo mfupi unaojiendesha, ambayo hufunguliwa ndani ya jedwali hilohilo. Msimbo wa kukumbusha marejesho ni mfupi: kila asubuhi unasoma safuwima ya tarehe ya kurudi, unaruka mistari ambayo marejesho yake yamekwisha kupokelewa, na iliyobaki ikishapita siku 10 unatuma barua pepe kwa mhusika na nakala kwa msimamizi wake. Ukiupangia saa mbili asubuhi, utaamka wakati wowote kati ya saa mbili na saa tatu, na hilo halina madhara kwa kazi hii. Hakikisha tu kwamba majira ya saa yamewekwa ya Dar es Salaam kwenye jedwali na kwenye skripti yenyewe, kwa kuwa kila moja ina mpangilio wake, na yakitofautiana hesabu ya siku inaweza kukosewa. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu skripti kutuma kwa wapokeaji 100 kwa siku, kiasi kinachowatosha.

Kama msimbo unakutisha kabisa, jaribu AppSheet, ambayo Google iliinunua mwaka 2020. Hiyo hujenga programu ya simu juu ya jedwali ulilo nalo, na masharti yake mengi huandikwa kama kanuni za Excel.

Nasisitiza jambo moja zaidi: skripti inayojiendesha hufanya kazi kwa mamlaka ya akaunti ya aliyeiwasha. Mtu huyo akiacha kazi na akaunti yake ikafungwa, vikumbusho vinakoma kimyakimya. Iwasheni kwa akaunti ya ofisi, isiyo ya mtu binafsi.

Mratibu wa Ofisi

Nakubaliana na Fundi kuhusu hatua ya kwanza, ila ningeuliza kwanza shirika limekwisha kulipia nini. Kama barua pepe zenu ziko Microsoft 365, Power Automate, zana ya Microsoft ya kuendesha kazi za ofisi zenyewe, ya kiwango cha kawaida, kwa kawaida huwa imo ndani ya kifurushi, na ina hatua ya uidhinishaji iliyo tayari: mkurugenzi hupata ujumbe wenye vitufe vya kukubali na kukataa, akajibu kwa simu akiwa njiani, na jina lake, saa na maoni yake vikahifadhiwa. Kukijenga kitu kama hicho kwa Apps Script kunahitaji ujuzi zaidi. Angalieni mipaka miwili. Mtiririko mmoja, yaani mfululizo wa hatua uliopangiwa zana hiyo, hauwezi kusubiri zaidi ya siku 30, hivyo msiufanye ule unaoidhinisha ombi ndio uendelee kusubiri marejesho. Tengenezeni mwingine unaoamka kila siku. Pia baadhi ya viunganishi, yaani vipande vinavyoiunganisha zana hiyo na programu nyingine, hudai leseni ya juu, kwa hiyo soma alama iliyo kando ya kiunganishi kabla hujakitegemea.

Mkaguzi wa Ndani

Naomba niongeze upande wa udhibiti, maana fedha zinahusika. Neno «Imeidhinishwa» lililoandikwa kwenye kisanduku cha jedwali si idhini, iwapo mwombaji naye ana ruhusa ya kuhariri jedwali hilo. Wafanyakazi waione fomu tu. Jedwali libaki kwa mhasibu na msimamizi wa mfumo, na safuwima ya kiasi ifungwe baada ya idhini. Ombi likibadilika liwasilishwe upya, hata kama tofauti ni nauli ya bodaboda, kwa sababu hati ya malipo lazima ilingane na kile kilichoidhinishwa.

Kumbukeni pia kwamba fomu hiyo itakusanya namba za simu na za akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu. Msiulize taarifa ambayo mhasibu anayo tayari, na msisambaze kiungo cha jedwali kwenye kundi la WhatsApp.

Afisa Utawala, Dodoma

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Barua pepe zetu ziko Google, hivyo tutaanza na vikumbusho vya marejesho peke yake, huku dokezo la karatasi likiendelea kama kawaida. Suala la kaimu wa mkurugenzi nimeliandikia dokezo leo. Fundi, mtu akiongezewa siku za kukaa safarini, nibadilishe tarehe ya kurudi kwenye mstari uleule?

Fundi Mifumo

Hapana. Iache tarehe ya awali, ongeza safuwima ya tarehe iliyorekebishwa, na skripti isome hiyo kwanza inapokuwa imejazwa. Mkaguzi atahitaji kuziona zote mbili.