Naomba ushauri: kamera yangu imeanza kuleta maneno kwenye matembezi ya familia (Tanga)

MamaChumbageni

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tanga mjini. Likizo hii ya mwezi wa sita mimi na baba watoto tulikubaliana kuwatoa watoto kila mwisho wa wiki badala ya kuwaacha na simu kutwa. Tumeshafika ufukwe wa Raskazone, tumeshafika mapango ya Amboni, na bado kuna sehemu tunazipanga.

Nimejinunulia kamera ya mtumba, Canon yenye ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo, na nimenogewa. Siuzi picha, ni starehe yangu tu. Tatizo liko nyumbani. Baba watoto anasema nikitoka na kamera matembezi yanageuka harusi: "simameni hapa, geuka huku, hebu rudi tena." Mkubwa wangu ana miaka 14, akiona kamera anajifunika kofia. Mama mkwe hataki sura yake ionekane kabisa. Mimi naona wananionea, maana ikifika usiku ni hao hao wanaosema "tutumie zile picha" wazirushe kwenye kundi la ukoo.

Pili, ufundi. Ufukweni nyuso zinatoka nyeusi tii, na mchanga wenyewe unatoka wa kijivu. Ndani ya mapango ndiyo usiseme, ukungu mtupu. Ni lenzi au ni mkono?

Tumebakiza magofu ya Tongoni, kisiwa cha Maziwe, na msitu wa Amani kule mlimani kama gari litapanda. Nipangeje nipate picha nzuri na watu wangu wasininunie? Nawasilisha.

MzeeWaNgamiani

Acha kamera nyumbani. Umemaliza.

FundiPicha

Mkuu hapo juu, ushauri wako haumsaidii mtu anayependa kitu chake.

Dada, lenzi yako haina kosa. Kamera haijui kama inaangalia mchanga au uso wa mwanao. Inapima mwanga wote kwa pamoja na kutaka picha nzima iwe ya wastani. Ikikuta mchanga mweupe unaong'aa inapunguza mwanga, na hapo ndipo mchanga unakuwa kijivu na nyuso zinazama gizani. Tafuta kitufe chenye alama ya +/- usogeze upande wa kujumlisha, anza na +1. Kanzu nyeupe za Idi zina ugonjwa huo huo, na dawa ni hiyo hiyo. Ikibidi, inua kiflashi cha juu ya kamera hata kama ni mchana, kitaondoa vivuli vya chini ya kofia.

Lakini kubwa zaidi ni saa. Watu wengi huku wanafika ufukweni saa tano wanaondoka saa tisa, ndio muda mbaya kuliko wote. Jua liko utosini na kila mtu amekunja uso. Kipupwe hiki jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama kama saa kumi na mbili na robo. Saa moja baada ya kuchomoza na saa moja kabla ya kuzama, hapo piga utakavyo. Katikati funga kamera kwenye mkoba, kula na watu wako, ogelea. Kwa mpango huo hata mzee wa nyumba hatakuwa na la kusema, kwa sababu atakuona mkewe siku nzima.

dada_Mkonge

Mie naongezea la huyo wa miaka 14. Mpe yeye kamera. Usimfundishe sana, mwambie tu leo mpiga picha ni wewe. Na wewe uonekane kwenye picha, maana naapa kwenye albamu nzima haumo!

Kama anapenda kutembea mjini, mpeleke kwenye barabara za Ngamiani asubuhi akapige baiskeli. Tanga bila baiskeli si Tanga. Aweke shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/30 ya sekunde, amfuate mwendesha baiskeli kwa kamera huku anabonyeza, mtu atatoka na nyuma kutakuwa mistari mitupu. Zitaharibika nyingi kabla moja haijakaa, na kwa umri huo ndiyo raha yenyewe. Wa kwangu alianza hivyo, sasa kamera siipati.

MzeeWaNgamiani

Akifika bandarini asielekeze kamera. Wala kituo cha polisi wala kambi ya jeshi. Si mtoto wala mama yake. Hilo nalo mlisahau kumwambia.

BintiDigo

Kuhusu mama mkwe. Dada, mtu mzima akisema hataki, hataki. Usimvizie. Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo, nikamwomba nipige mikono yake tu akimenya machungwa, akakubali na akacheka. Siku nyingine nikampiga kwa nyuma amekaa mkekani, amejitanda kanga, anaangalia bahari. Hiyo ndiyo aliyoomba isafishwe kubwa akaweka chumbani kwake. Uso haumo, na kila anayeingia anajua ni nani.

Na picha za ukoo zibaki kwa ukoo. Kundi lenye watu mia si ukoo tena. Hasa za watoto wakiwa wanaogelea, sizirushi popote.

FundiPicha

Amboni nimesahau. Mle kamera mkononi haiwezi, ndiyo maana unapata ukungu. Unahitaji tripodi (stendi ya miguu mitatu), hata ile fupi ya mezani, au uiweke kamera juu ya jiwe lililotulia. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, lenzi f/8 (ukubwa wa tundu lake), shata sekunde 10, na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wako usiitikise. Kamera ilenge na kupata fokasi kwanza taa ikiwa imemulika ukuta, kisha izime fokasi ya kujiendesha. Halafu tochi zote zizimwe. Shata ikifunguka, mtoto mmoja apitishe tochi ukutani polepole kama anapaka rangi. Asimulike lenzi. Yale mawe yatatoka na vivuli vyake vyote, kitu ambacho flashi haikupi, flashi inayabandika tu kama karatasi.

Watoto hawanuni kwa mchezo huo. Watagombania tochi.

Mnapojiandaa, mwongoza wageni asimulie habari za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha mle enzi za Mwingereza, wewe uko pembeni unafunga tripodi na hakuna anayekusubiri. Mkifika panapofanyiwa matambiko muulize mwongozaji kabla ya kupiga. Na popo waacheni, flashi usoni mwao si ustaarabu.

MamaChumbageni

Asanteni sana, hata wewe Mzee wa Ngamiani 😂. Hilo la kutoonekana kwenye albamu limenichoma, nimekwenda kuangalia na ni kweli, niko kwenye picha moja tu, kivuli changu mchangani.

Ila FundiPicha, hiyo saa kumi na mbili na nusu alfajiri na watoto wadogo na bibi yao... nani anaamka? Hebu kuweni wakweli.

dada_Mkonge

Haha, hakuna anayeamka. Chukua ya jioni. Tena kwetu jua linazama upande wa nchi kavu, kwa hiyo jioni ukiwa ufukweni mwanga unawapiga watu usoni wakiwa na bahari nyuma yao. Watu wanahangaika kutafuta jua linalozama baharini, kwa ufukwe wetu utalitafuta sana.

BintiDigo

Tongoni msiwaache watoto wapande kwenye nguzo za makaburi. Nyingi zimeshaanguka. Kuna makaburi zaidi ya 40 na msikiti mkongwe, na jiwe la matumbawe linapendeza jua likiwa la ubavuni, michongo yote inajitokeza. Saa sita hutaona kitu, ukuta utakuwa bapa. Mwambie huyo mkubwa kwamba Vasco da Gama alipita pwani hii, na ile meli yake ya São Rafael waliichoma moto maeneo hayo mwaka 1499. Utaona kama hatavua kofia.

MsambaaMlimani

Amani gari dogo linapanda kukiwa kukavu. Kukinyesha, barabara ya kutoka Muheza ni utelezi, na kule mvua haina msimu, jacket kila mtu. Pitieni machungwa Muheza, ndiyo wakati wake.

Msituni mwanga ni mdogo hata mchana, pandisha ISO mpaka 1600 usiogope chengachenga kwenye picha. Tafuteni vinyonga na African violet. Ni lile ua la zambarau linalopandwa kwenye vyungu Ulaya nzima, asili yake ni milima hii. Mjerumani Walter von Saint Paul ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890. Lipigwe lilipo, lisichumwe. Kitu kimoja tu: ukitoka kwenye baridi ya huku ukirudi kwenye joto la Tanga, usifungue kamera papo hapo. Iache kwenye mkoba ipate joto la nje, la sivyo lenzi inavuta jasho.

FundiPicha

Na ya baharini: upepo wa kusi unarusha chumvi na mchanga, usibadilishe wala kufungua lenzi ufukweni. Ukifika nyumbani futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usiifungie kabatini kwenye mkoba wa ngozi, unyevu wa Tanga utaotesha kuvu ndani ya kioo na hapo ndipo utanunua lenzi nyingine kweli. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, viweke pamoja na kamera.

MamaChumbageni

Nimemwonyesha baba watoto uzi huu. Amesema kamera ibaki mkobani mpaka saa kumi jioni na yeye atashika tochi. Nimekubali kwa shingo upande.

Swali la mwisho. Maziwe tumepanga Jumamosi hii, tutoke Pangani asubuhi. Kuna la kuzingatia?

NahodhaPangani

Mama, Maziwe ni fungu la mchanga, halina mti hata mmoja. Kivuli mtabeba wenyewe. Maji yakijaa sana fungu linabaki dogo mno, kwa hiyo usiangalie Jumamosi, angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, huku kwetu maji hupwa sana kama saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi ndiyo yanajaa.

Jumamosi hii mwezi una siku saba. Sogeza wiki moja mbele. Tokeni saa moja asubuhi, maana kusi likiamka mchana bahari inachafuka na bibi hatapenda. Jaketi za kujiokolea kila mtu, mtoto apate ya saizi yake, ijaribuni kabla ya kupanda chomboni. Kamera itie kwenye mfuko wa nailoni ufunge, mimi nitaikaushia wapi ikilowa?