Tupeane uzoefu: umeenda na washkaji zile sehemu za michoro, misosi na vinyago, nini kilikukuta?

Chumvi Kidogo: Wakuu habari za jioni. Nimeona stetasi ya mtu kapiga picha mbele ya ukuta wa machui na ndege wa rangi rangi nikakumbuka mbali sana. Zile sehemu mnazijua, michoro mpaka kwenye viti vya kukalia, huku vikapu na khanga, kule vinyago, katikati mtu anakaanga samaki, mnasema tunapita tu kuangalia halafu taa zinawashwa bado mpo. Yangu ni fupi, tulienda kundi zima kila mtu akijua mwenzake ndo ana hela. Bili ilipokuja meza ilikuwa kimya kama msibani. Semeni na nyie.

Napita Zangu: Nimeshika chai, nasubiri.

Baba Nuru: Mimi sitoki Morogoro Stores pale Oysterbay, kwa watu wa Tingatinga. Vijana wengi wanadhani Tingatinga ni jina la mtindo tu, alikuwa mtu kabisa, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru huyo, kapita mashamba ya mkonge Tanga ndo akaja Dar, mwishoni mwa miaka ya sitini akaanza kuchora kwenye vipande vya silingi bodi kwa rangi ya baiskeli, anauzia palepale. 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu wanayemtafuta. Kazi wakaibeba ndugu zake na wanafunzi wake, mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Sasa siku hiyo nipo na jamaa zangu wa kazini, mmoja akaanza kubeza, hata mwanangu wa chekechea anachora hivi. Kijana aliyekuwa anachora hakumtukana wala nini, akampa brashi na kipande cha ubao, akamwambia chora twiga. Wakuu jamaa alichora kitu kina mdomo wa birika!! Akanunua picha mbili bila hata kuomba punguzo.

Mama Shughuli: Nimesoma ya Baba Nuru nikasema na mimi niseme maana imenikaa rohoni. Tulikuwa kamati ya kitchen party ya rafiki yetu, tumemaliza kikao, mhasibu ana michango yote kwenye pochi, tukasema twende sehemu moja hivi (jina naliacha) tule tupige picha. Tuna mwenzetu mmoja, tumwite S, kavaa gauni jeupe peee. Akaona mchoro mkubwa wa nyati umeegemezwa ukutani, akataka apigwe picha amesimama karibu nao, sisi wengine tunacheka huku kuku ndo anakuja mezani. Mara akaegemea. Rangi ilikuwa mbichi! Alipojitoa yule nyati uso wote umehamia mgongoni kwa S, pembe moja hapa, jicho kule, na yeye hajajua bado anapozi. Mwenye duka akatoka ndani anapiga kelele, anataka laki tatu na nusu. S analia gauni, muuzaji analia mchoro, kuku anapoa, wazungu meza ya pili wamesimama wanatuangalia. Tukavutana weee mpaka laki na ishirini. S hana hata mia. Ikatoka kwenye michango. Tukabeba na nyati wetu asiye na uso, tungefanyaje, siku ya kitchen party tukamkabidhi bibi harusi kuwa zawadi ya kamati. Shangazi yake akauliza kwa sauti ukumbi mzima, huyu ng'ombe mbona hana macho? Mpaka leo S hajarudisha hata shilingi, na mhasibu hasalimiani na mimi.

Napita Zangu: Ng'ombe hana macho 😂😂😂 nimemwaga chai

Msomi wa Buza: Ngoja kwanza. S ndo kaegemea, mhasibu kakununia WEWE kwa nini?

Mama Shughuli: Muulize yeye.

Msomi wa Buza: Simu ya kupigia picha alishika nani?

Mama Shughuli: Nilishika mimi, kwani kosa? Nilimwambia asogee nyuma KIDOGO.

Chumvi Kidogo: Aaah kumbe! Uzi wangu umegeuka mahakama.

Fundi Brashi: Mimi ni mchoraji, niongee. Ile rangi ni ya mafuta. Unapaka mandhari kwanza unaacha ikauke ndo unapanda na wanyama, madoa ya chui yanakuja mwisho. Sio rangi ya kugusa siku hiyohiyo. Mwenye duka kuweka mbichi njiani bila hata kibao ni uzembe wake, mngemwachia picha yake muondoke.

Mzaramo Asilia: Acha kutetea watu wenye viherehere. Ukiharibu unalipa. Ingekuwa mchoro wako ungesema hivyo?

Fundi Brashi: Ingekuwa wangu usingeuona, ungekuwa ndani unakauka. Umewahi kushika brashi wewe?

Mzaramo Asilia: Nimewahi kushika hela, ndo maana najua kulipa.

Bi Forodhani: Nyinyi watu wa bara mna tabu. Njooni Unguja, mchana mzunguke mtaa wa Gizenga muangalie mapicha na makanga, magharibi mshuke Forodhani mle urojo, mishkaki, pweza, juisi ya miwa. Pizza ya kwetu unga wa chapati, nyama ya kusaga, yai, inakunjwa mbele yako. Hamuegemei kitu ila ukuta wa bahari.

Mzaramo Asilia: Uulize bei kabla hawajakuwekea sahani, hiyo hujasema.

Bi Forodhani: Kama hujui kuuliza bei hata kwenu Kariakoo utalia.

Otis wa Nai: Huku Nairobi shida ni broka. Unaingia na mabeshte anakupea kikapu, eti weka chenye unapenda, bei tutaongea mwisho. Mwisho ndio kilio. Beshte yangu alipenda karibu kila kitu.

Baba Nuru: Na vinyago muwe makini, Wamakonde wa Mwenge wanafanya kazi za maana, zile za watu wamepandana wanaita ujamaa, na za mashetani, ila wajanja wako kila mahali wanapaka kiwi mti mweupe wanakwambia mpingo. Mpingo mzito, ukiutia kwenye maji unazama.

Napita Zangu: Kwa hiyo niende shopping na ndoo?

Kidawa: Nendeni mmeshakula nyumbani, mtanunua vitu kwa akili.

Otis wa Nai: Zii, nendeni na njaa, mtakimbilia chakula msahau kununua.

Kidawa: @Mama Shughuli doa lilitoka? Mwambie S apake mafuta ya taa afue na sabuni ya unga.

Fundi Brashi: Mafuta ya taa yatasambaza. Thina, tena taratibu, na ajaribu kwenye pindo kwanza, kuna vitambaa vinaliwa. Gauni ni kitambaa gani?

Mama Shughuli: Sijui. Lilikuwa la kukodi.