MREJESHO: Kioo cha mlango wa mbele

Wakuu, niliuliza kama mlango wangu wa mbele hapa Uyole, Mbeya, wenye kioo hadi chini, unaweza kubaki na kioo cha kawaida cha milimita 6. Nina watoto wadogo, na upepo wa huku unaubamiza mlango kwelikweli. Mlinishauri kioo cha usalama, nimekiweka.

Kanuni ya Uingereza mliyonitajia ndiyo iliyonishawishi: kioo cha mlangoni, pamoja na cha pembeni kilicho ndani ya milimita 300 kutoka mlango, kikiwa chini ya milimita 1,500 toka sakafuni, lazima kiwe salama. Unene pekee hautoshi. Cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu kama visu. Cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, kinamwagika punje punje.

Mlangoni nimeweka tempa. Pembeni, karibu na kitasa, nimeweka cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati: kikipasuka hakidondoki, na mwizi hapenyezi mkono kirahisi.

Mnaojenga, fremu ifungwe kwanza ndipo mpime, maana tempa ikishatengenezwa haikatwi wala haitobolewi. Na kagueni kona za kioo kabla ya kulipa, muone muhuri wa kuonyesha ni tempa. Changu kina muhuri mdogo uliochomwa kwenye kioo chenyewe, hata ukikwangua kwa kucha hautoki.

Asanteni sana.