Siku tatu Ubelgiji: makaburi ya Ieper, na alama za Tabora kule Brussels

Isevya_Tbr
Wakuu salaam. Nina kikao cha kikazi Brussels mwezi wa 11. Kinaisha Ijumaa na nikiomba naweza kubaki hadi Jumatatu usiku. Nafundisha historia sekondari hapa Tabora, kwa hiyo siku hizo nataka ziishie kwenye Vita Kuu ya Kwanza, maduka baadaye. Naomba msaada kwa haya:

1. Ypres (Ieper), mji uliopiganiwa sana vitani, unafikika kwa treni bila gari?
2. Mwalimu mwenzangu Mwingereza ameniomba nimpigie picha jina la ndugu wa bibi yake. Aliuawa Oktoba 1917 karibu na Passchendaele, mwili haukupatikana. Kaniambia jina liko lango la Menin, lile lango la kumbukumbu ya askari wasio na kaburi pale Ypres.
3. Kuna kaburi lolote la askari wa kwetu huko?
4. Kuna chochote kinachohusu Tabora?

Reli_ya_Kati
Mkuu, nianze na la 2 maana hapo utapoteza siku. Kwenye lango la Menin hayupo. Lile lango lilizinduliwa 1927 na kuta zake zina majina zaidi ya 54,000, lakini nafasi haikutosha. Ikaamuliwa Waingereza wasio na kaburi waliokufa hadi tarehe 15 Agosti 1917 waandikwe pale, na waliokufa kuanzia tarehe 16 waende kwenye ukuta wa makaburi ya Tyne Cot, ambako kuna majina karibu 35,000. Huyo wa Oktoba atakuwa Tyne Cot, labda awe alikuwa jeshi la Australia au Canada, maana hao wako langoni kwa tarehe zote. Muulize mwenzako alikuwa jeshi la nchi gani.

Kabla hujaondoka, mtafute kwenye tovuti ya CWGC, yaani Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Unahitaji jina la ukoo, herufi za majina ya mwanzo, na hasa REJIMENTI. Bila rejimenti umekwama, kwa sababu ukutani hawakupanga kwa alfabeti moja kwa moja: rejimenti kwanza, kisha cheo, ndipo majina kwa alfabeti. Anayeanza kusaka herufi M ukuta mzima ataondoka mikono mitupu. Andika namba za paneli kwenye karatasi, simu huisha chaji kwa baridi. Kwa mwenye kaburi utaona kitu kama XII. D. 14: kiwanja cha 12, mstari D, kaburi la 14. Karibu na mlango wa makaburi huwa kuna kijisanduku ukutani chenye daftari la majina na ramani ya viwanja.

Picha: ukuta wa Tyne Cot uko upande wa kaskazini mashariki ya makaburi na unatazama kusini magharibi, kwa hiyo jua huupata mchana kuelekea jioni. Fika saa 7 hadi saa 9 mchana, kwani Novemba giza linaingia kwenye saa 11. Herufi zimechongwa kwenye jiwe jeupe bila rangi. Ukipiga ukiwa umesimama mbele yake moja kwa moja hazisomeki, sogea pembeni kidogo kivuli kijaze herufi. Usipake chaki wala sabuni, jiwe linaharibika.

Usafiri. Kwenye mashine ya tiketi usiandike Ypres, andika IEPER. Ndivyo vibao vya huko vinavyosema, kama Passchendaele inavyoandikwa Passendale na lango la Menin linavyoitwa Menenpoort. Kutoka Brussels ni takriban saa mbili, mara nyingi unabadilisha Kortrijk. Kutoka stesheni ya Ieper hadi langoni ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa mguu. Tyne Cot iko kama kilomita 9 nje ya mji: basi la kwenda Zonnebeke, halafu kama kilomita 3 kwa miguu kwenye njia iliyokuwa reli ya Ieper hadi Roeselare. Nenda JUMAMOSI. Jumapili mabasi ya vijijini ni ya kubahatisha, na teksi huko husimamishi barabarani, unapiga simu mapema.

Mgebuka_Mwanga
Naongezea. Lala Ieper hiyo Jumamosi. Kila siku saa 2 kamili usiku wanapiga tarumbeta ya Last Post, wimbo wa kuwakumbuka askari waliokufa, chini ya lango la Menin. Desturi ilianza 1928 na ilikatika tu Wajerumani walipoukalia mji katika Vita ya Pili. Ukitaka kurudi Brussels usiku huohuo utakuwa unakimbizana na treni. Fika saa 1 na robo upate pa kusimama. Watu hawapigi makofi, vua kofia, zima mlio wa simu. Kama safari yako itagusa tarehe 11, jua ni sikukuu: umati mkubwa, ratiba ya treni ni ya sikukuu, na vyumba hujaa.

Jumapili asubuhi nenda Langemark kwenye makaburi ya Wajerumani, kwa teksi uliyoipigia simu mapema. Kwa mwalimu hii ndiyo tofauti ya kuwaonyesha wanafunzi. Tyne Cot kila mtu ana jiwe lake limesimama, karibu 12,000, ingawa zaidi ya 8,300 hawajulikani majina. Langemark wamezikwa zaidi ya 44,000 kwenye eneo dogo, mawe yamelala chini, na kaburi moja la pamoja lina karibu 25,000.

Onyo: ukiona chuma chenye kutu pembeni ya shamba au chini ya nguzo ya umeme, USIGUSE. Wakulima hulima mabomu hadi leo na kuyaweka hapo jeshi lije kuyachukua. Mengine ni ya gesi. Na ganda la risasi usilete nyumbani kama kumbukumbu, litakukwamisha uwanja wa ndege.

Isevya_Tbr
Ahsanteni sana wakuu. La 3 na la 4 je?

Reli_ya_Kati
La 3: askari na wapagazi wa huku kwetu walipigana na kufia huku huku, hawakupelekwa Flanders, yaani huko upande wa Ieper. Na usitegemee majina yao kwenye daftari. Ripoti ya CWGC ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda wakafika 350,000. Ukienda Dar kwa ajili ya viza, pita Sanamu ya Askari ya 1927 uilinganishe na utakachokiona Ieper.

La 4, hapo una kazi Jumatatu. Makumbusho mengi Brussels hufungwa siku hiyo, lakini mitaa haifungwi. Karibu na jengo la Bourse (soko la hisa la zamani) kuna Rue de Tabora, kibao kimeandikwa pia Taborastraat. Saint-Gilles, Avenue du Parc, kuna mnara wa Jenerali Tombeur, aliyeongoza majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Schaerbeek, Square Riga, kuna mnara wa 1970 wa majeshi ya kampeni za Afrika. Vyote vitatu unamaliza kwa tramu na miguu. Soma maandishi vizuri uone nani katajwa kwa jina na nani hakutajwa.

Mgebuka_Mwanga
Kuna atakayekushawishi uende Papenburg, Ujerumani, ilikojengwa meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Usiende, siku nzima inaishia kwenye treni. Meli yenyewe tunayo Kigoma: Wajerumani waliizamisha Julai 1916, ikaibuliwa 1924, ikaitwa Liemba 1927. Kutoka Tabora ni treni moja tu.

Halafu viza. Barua ya mwaliko ikisema kikao kinaisha Ijumaa, unaweza kupewa siku za kikao tu. Kwenye fomu andika tarehe ya kurudi Jumatatu, uambatanishe hoteli ya Ieper, na bima ya euro 30,000 ifunike siku zote hizo hadi unapopanda ndege. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla, na uamuzi kwa kawaida ni siku 15 ila unaweza kufika 45. Alama za vidole unatoa mwenyewe, kwa hiyo hesabu na nauli ya Dar.

Isevya_Tbr
Nimempigia mwenzangu. Jeshi la Uingereza, rejimenti anayo. Basi ni Tyne Cot, Jumamosi mchana.