Mrejesho: Trauti wakati mto umejaa

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuvua samaki aina ya trauti kwa inzi bandia (chambo chepesi kinachoigiza mdudu) kwenye mto Arkansas, Colorado, Marekani, theluji ya milimani inapoyeyuka na maji kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ahsanteni sana wote mliojibu.

Ushauri wa kuachana na katikati ya mto na kuvua ukingoni umenisaidia mno. Nilisimama nchi kavu, nikafunga chambo cha mfano wa mnyoo mwekundu, nikaongeza chubwi mbili kwenye mshipi, nikakipitisha polepole nyuma ya jiwe, hatua moja tu kutoka kwenye majani. Trauti wa kahawia walikuwa palepale, wamejibanza maji yalikotulia. Bila chubwi chambo kilipita juujuu na hakuna aliyekigusa.

Chambo kikubwa cheusi cha mfano wa kisamaki hakikunipa kitu.

Na yule aliyenielekeza mto mwingine wa Colorado, South Platte, chini ya bwawa la Cheesman: maji kweli yalikuwa safi, ila wavuvi walijaa, na samaki wa kule wanataka vichambo vidogo mno. Nilirudi mikono mitupu. Nitajaribu tena.

Mnaokuja nyuma yangu, msiingie majini kipindi hiki. Mkondo ule unabeba mtu.